Alisema Shingo Ni Nzima

"Usilifungue kwanza," Tilmann alisema, kiganja chake kikiwa juu ya kasha la gitaa. "Hujambo, Rike?"

"Sijambo."

"Mimi nimenenepa. Umeona, ila unajifanya mstaarabu."

"Nimejua tangu ulipokuwa unapanda. Ngazi zenyewe zimelalamika."

Wakacheka wote wawili, kisha kicheko kikakatika kama uzi mwembamba uliokazwa kupita kiasi. Miaka sita ilikuwa imelala kati yao juu ya meza ile ya kazi, na hakuna aliyejua aishike upande gani.

Henrike Lohse alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu, na karakana sasa ilikuwa yake. Fundi mkuu Pöhl, aliyemfundisha kazi, alikuwa amestaafu kwa maneno tu. Kila siku saa kumi alasiri alikuja kunywa kahawa na kukosoa. Nje, theluji ya Februari ilikuwa imeyalemea mapaa ya mji ule mdogo wa milima ya Vogtland, ambako katika kila nyumba ya tatu kuna mtu anayechonga, anayetia gundi au anayekaza nyuzi.

"Ni la mpwa wangu sasa," Tilmann alisema. "Merle, wa dada yangu. Ana miaka kumi na mmoja, ameanza masomo ya gitaa. Nataka ulifanye liwe jepesi mkononi. Mtoto asije akaumia kama mimi."

"Uliumia wapi?"

Aliunyosha mkono wa kushoto, akajaribu kukunja vidole. Vitatu vilitii. Viwili vya mwisho viligoma katikati ya safari.

"Kano," alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuizoea habari yake. "Sindano, mikanda, madaktari wawili. Kule Hamburg wenzangu walinitoa kwenye kundi kabla sijatimiza mwaka. Siwalaumu, nilikuwa nakosa noti mbele ya watu. Mikono dhaifu, Rike, basi. Siku hizi naendesha basi la shule. Watoto wananipenda sana; hawajui kwamba niliwahi kuwa mtu."

"Usiseme hivyo."

"Nasema nikicheka, lakini."

Henrike alifungua kasha. Lilikuwa ni lile lile, gitaa la babu yake Tilmann, uso wa msonobari uliogeuka rangi ya asali, na alama ya kidole gumba mahali ambapo wanaume wawili wa ukoo mmoja walikuwa wamelishika kwa miaka hamsini. Aliliinua, akaliweka kichwa mbele ya jicho lake, akatazama kutoka juu hadi chini kama mtu anayetazama njia ya reli.

Kisha akapima, ingawa alikwisha kujua.

Alibonyeza uzi kwenye vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, cha kwanza na cha kumi na nne, akachungulia katikati. Kulikuwa na nafasi ya unene wa karatasi, kama inavyotakiwa. Kwa hiyo ubao wa shingo haukupinda, na ule ufito wa chuma uliofichwa ndani yake haukuwa na kosa. Akaweka rula ndefu juu ya vijiti, akaisukuma kuelekea daraja linaloshikilia nyuzi. Rula ilipaswa kupita juu ya daraja, ikiligusa kidogo tu. Iligonga ubavuni mwake, chini kabisa. Shingo nzima, ikiwa imenyooka vile vile, ilikuwa imevutwa na nyuzi mpaka ikainamia mbele kutoka kwenye kiungo chake. Na ule mfupa mweupe unaobeba nyuzi darajani ulikuwa umekatwa hadi ukabaki kama ukucha. Hata hivyo, katikati ya shingo, nyuzi zilikuwa juu milimita tano. Kuzibonyeza kulikuwa kama kukamua jiwe.

"Ulikuwa unapiga hili?" aliuliza, na sauti yake haikumtii. "Likiwa hivi?"

"Kila siku, kwa muda wa saa sita au saba. Kwa nini, lina nini?"

"Hakuna fundi aliyekuambia kitu?"

Tilmann alitabasamu, na tabasamu lile lilikuwa la fahari.

"Wapo. Kulikuwa na mmoja Leipzig, akasema shingo ifunguliwe. Nikamwambia, bwana, chungulia ndani." Aligonga kwa ukucha pembeni mwa tundu la gitaa. "Nikamwonyesha kikaratasi chako. Nikamwambia, huyu aliyeandika ndiye sikio bora katika Vogtland yote, na akisema nzima, ni nzima. Tulitukanana kidogo. Nilitoka kichwa juu."

Ni desturi ya mafundi wa mji ule: ukimaliza kazi unabandika kikaratasi ndani ya chombo, tarehe, jina, na hali uliyokiacha nayo. Henrike hakuhitaji kuchungulia. Alikumbuka hata kalamu. *Shingo nzima. Nyuzi zimeshushwa. H. Lohse.*

"Nipe mpaka kesho," alisema. "Nilipime vizuri."

"Chukua hata wiki. Nikiwa na sababu ya kupanda ngazi hizi, sitalalamika. Ngazi ndizo zitalalamika."

Akaenda zake akipiga mluzi.

*

Saa kumi kamili Fundi Pöhl aliingia, akakung'uta theluji, akamimina kahawa bila kuuliza. Jicho lake lilitua kwenye mfupa wa gitaa mezani kabla kikombe hakijafika mdomoni.

"Nani amemnyoa huyu mpaka kwenye fuvu?"

Mzee aliwasha taa ndogo, akaingiza kioo cha mkono ndani ya tundu, akasoma. Alisoma kwa muda mrefu kuliko maneno yalivyokuwa.

"Mwandiko wako."

"Wangu."

"Miaka sita. Mimi nilikuwa wapi?"

"Hospitali. Goti lako."

"Kwa hiyo hakuna aliyekuona."

"Hakuna."

"Hilo ndilo linalonisikitisha zaidi," Pöhl alisema, akaketi. "Hukuwa mjinga, Henrike. Mwaka wako wa kwanza tu ulikuwa unajua kutofautisha shingo iliyopinda na shingo iliyoinama. Kumkatia mfupa mgonjwa wa kiungo ni sawa na kumpa mwenye jino bovu dawa ya maumivu na kumwambia amepona. Uliona?"

"Niliona."

"Ukaandika?"

"Nikaandika."

Mzee alikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

"Sikiliza. Kesho unaweza kumwambia kijana wa watu kwamba shingo imesogea kwa umri. Zote husogea. Atakuamini, na mimi sitafungua mdomo."

"Unanishauri hivyo?"

"Nakuonyesha tu kwamba mlango uko wazi. Kupita au kutopita, miguu ni yako."

Simu ya Henrike ikatetemeka mezani, katikati ya patasi na vumbi la mbao.

*"Leo nimecheka. Nilikuwa nimesahau inavyokuwa. Kesho nikimaliza zamu ya asubuhi nakuja na keki ya tufaha. Bado unakula ganda la juu kwanza, kama panya?"*

Alisoma mara mbili, na mlango aliouonyeshwa na mzee ukawa mpana zaidi. Kumbe hakuwa amemsahau! Angenyamaza tu, na Tilmann angerudi kesho, na keshokutwa, na huenda siku moja asingeondoka tena. Kilichohitajika kilikuwa kimya, na kimya alikwisha kukifanyia mazoezi kwa miaka sita.

Lakini pia alikuwa na ujumbe mwingine katika simu ile ile, wa zamani, ambao kamwe hakuufuta. Majira ya baridi yale Tilmann alipokuwa Hamburg, Henrike alimwandikia: *"Gitaa linaendeleaje?"* Jibu lilikuja baada ya siku tatu: *"Gitaa zima. Mbovu ni mimi."* Alijiambia ni utani wa mtu anayetaka kuachana kwa upole. Mapenzi yao yakawa yamekwisha hivyo, bila ugomvi wala kwaheri.

*

Siku ya pili, saa sita mchana, ngazi zililia tena.

"Panya wangu yuko wapi?" Tilmann aliita kabla ya kufika juu.

"Til, weka keki chini."

"Mbona sura hiyo? Gitaa limekufa?"

"Shingo haikuwa nzima."

"Haya, basi itengeneze. Kwani ni msiba?"

"Haikuwa nzima siku ile. Siku niliyoandika."

Alimtazama, akainua mabega. "Ulikosea. Ulikuwa na miaka ishirini na saba. Mtu gani hakosei?"

"Sikukosea."

Kisanduku cha keki kilikuwa bado mkononi mwake. Alikishusha taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Sema vizuri, Rike, mimi ni dereva. Nieleze polepole."

"Nilipima mara tatu. Niliona kwamba kiungo kimeachia na shingo imeanza kuinama. Kazi ya haki ilikuwa kuifungua kwa mvuke, kuchonga kisigino chake, kuirudisha. Wiki tatu. Na baada ya hapo usingehitaji fundi kwa miaka thelathini." Aligusa mfupa uliokatwa. "Wewe ulikuwa unaondoka Jumatatu. Nikakata mfupa ili nyuzi zishuke, nikaandika kikaratasi. Nilijua zingepanda tena kabla theluji haijayeyuka. Nilikwambia urudi wakati wa Pasaka nilikague, unakumbuka? Nilitaka uwe na sababu ya kurudi. Nilijiambia ni uongo wa miezi mitano tu, na ukirudi nitaifanya kazi yenyewe, wala hutajua."

Kikanza cha ukutani kiligonga gonga, maji yakipita ndani yake. Tilmann alivuta kigoda akaketi, mkono wa kulia ukiwa umeushika wa kushoto.

"Sababu," alisema. "Kwani wewe mwenyewe hukuwa sababu tosha?"

Henrike aligeuza rula mezani.

"Nilikuwa narudi, Rike! Tiketi ya Pasaka nilikata Januari, nikaiweka ndani ya kasha hilo hilo. Nilitaka nije nikupigie wimbo mmoja nilioutunga, halafu nikuulize jambo. Kisha mkono ukaanza. Nikawa naongeza mazoezi, maana gitaa ni zima, fundi wangu amesema. Kadiri ulivyouma ndivyo nilivyozidi kubonyeza. Waliponitoa kundini nikajiuliza, narudi kwake na nini? Mtu amenipa chombo kizima, mimi nashindwa hata kukishika? Nikairudisha tiketi stesheni."

"Til..."

"Ulichonifungia ili nirudi ndicho kilichonizuia kurudi."

Alisema bila kupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepiga kelele.

"Na ule ujumbe?" aliuliza. "Ulisoma?"

"Gitaa zima. Mbovu ni mimi."

"Kumbe unaukumbuka. Hukuelewa?"

Hapo palikuwa na uongo wa mwisho, mdogo, uliokuwa tayari mdomoni, nusu yake ukiwa kweli. Henrike aliutema.

"Nilijiambia unanikwepa. Lakini wazo lilinijia kwamba huenda ni gitaa. Nilikuwa na mtihani wangu wa ufundi mkuu wiki ile. Niliogopa nikikwambia ukweli utakwenda kwa fundi mwingine, na atasoma kikaratasi, na jina langu litajulikana. Kwa hiyo nilichagua kuamini kwamba hunipendi. Ilikuwa rahisi zaidi."

"Ulifaulu?"

"Mtihani? Nilifaulu."

"Hongera," Tilmann alisema, na hapakuwa na kejeli ndani yake, huzuni tupu. "Nilikutetea, unajua? Kwa yule wa Leipzig. Nilimwita mganga wa kienyeji wa magitaa. Masikini, alitaka kunisaidia."

"Nisamehe."

"Hilo sijui. Usinisukume." Aliinuka, akazunguka meza, akasimama mbele ya gitaa. "Lifungue."

"Sasa?"

"Sasa, mbele yangu. Nataka nione."

Henrike alikitoa kijiti cha kumi na tano, akatoboa tundu dogo chini yake mpaka kwenye kiungo, akaingiza sindano ya mvuke. Chombo cha maji kilianza kunguruma. Gundi ya kale ya ngozi ya wanyama haina kinyongo. Ikipata joto na maji huachia, hata baada ya miaka hamsini, na ndiyo maana mafundi wa mji ule hawatumii nyingine mahali hapo. Dakika kumi zikapita, kumi na mbili. Kisha ndani ya gitaa kukasikika mlio mdogo, kama pumzi ya mtu anayeketi baada ya kutembea mbali, na ulimi wa shingo ukateleza kutoka kwenye mfuko wake.

Alisafisha, akapima, akachukua patasi. Alichonga kisigino cha shingo kutoka chini kuelekea juu, akipunguza kidogo, akijaribisha, akipunguza tena. Ubamba mwembamba wa mti ukajikunja mezani. Tilmann aliuokota, akauweka kwenye mwanga wa dirisha. Ungeweza kusoma gazeti kupitia kwake.

"Ni hiki tu?" aliuliza.

"Na kingine kama hicho. Jumla yake nusu milimita."

"Nusu milimita."

Aliukunja ndani ya leso yake kama watu wanavyohifadhi jino la mtoto, akavaa koti. Keki aliiacha mezani. Fundi Pöhl alipokuja saa kumi aliikuta haijaguswa, akamtazama Henrike usoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikunywa kahawa bila kukosoa chochote.

*

Wiki tatu baadaye Tilmann alikuja kulichukua. Mfupa mpya, mrefu, wa haki, ulikuwa darajani. Hakuketi. Aliweka mguu juu ya kigoda, gitaa pajani, akabonyeza kwa kidole cha kwanza, kisha cha pili. Nyuzi zilishuka chini ya vidole vyake bila ubishi.

Uso wake ukabadilika, na Henrike aliyaona yote kwa mpigo: nyimbo ambazo zingepigwa, kumbi, safari, tiketi ya Pasaka.

"Kumbe ndivyo lilivyo," alinong'ona. "Kumbe sikuwa dhaifu."

"Hukuwa dhaifu hata siku moja."

Alilirudisha katika kasha, lakini kabla ya kulifunga akachungulia ndani kwa kioo. Vikaratasi vilikuwa viwili, kimoja chini ya kingine. Cha zamani hakikuguswa. Kipya kilisema: *Shingo imefunguliwa na kurekebishwa. Ilipaswa kufanyika miaka sita iliyopita; nilijua, nikaandika uongo hapo juu. H. Lohse.*

"Kila fundi atakayelishika atasoma hiki," alisema. "Mpaka Merle awe bibi kizee."

"Najua."

"Mji huu una midomo."

"Najua, Til."

Alitikisa kichwa, akafunga kasha. Mlangoni aligeuka.

"Merle alilete lini kukaguliwa?"

Henrike alikwisha kuliandaa jibu lile kwa wiki tatu, na bado lilitoka kwa shida, kama shingo kutoka kwenye kiungo.

"Hakuna haja. Likae mbali na kikanza tu. Hamtahitaji kurudi hapa."

Tilmann alihamisha kasha mkono mwingine. Kisha ngazi zikalalamika, moja baada ya nyingine, mpaka chini.

*

Jumatatu ya Pasaka, mchana, karakana ikiwa imefungwa, Henrike alikuwa kwake akimenya viazi simu ilipotetemeka.

*"Merle ameenda kuogelea. Nimeliazima."*

Chini ya maneno hayo kulikuwa na sauti iliyorekodiwa, ya sekunde arobaini. Henrike alikausha mikono. Mara ya kwanza alisikiliza kama fundi, akitafuta uzi unaokwaruza, noti inayokufa kabla ya wakati wake, mlio wowote wa kasoro. Hakukuwa na kasoro. Alisikiliza tena, ili awe na hakika. Shingo ilikuwa nzima.

Mara ya tatu alisikiliza wimbo wenyewe. Hakuwahi kuusikia, lakini aliujua ni upi. Ulikuwa wimbo wa polepole, na kila ulipopanda kuelekea mahali pa juu ulisita, ukazunguka, ukatafuta njia nyingine ya kufika, kwa sababu ulikuwa umetungwa kwa vidole vitano na sasa ulikuwa unapigwa kwa vitatu.

Aliandika: *Nisamehe.* Akafuta. Aliandika: *Njoo.* Akafuta hilo pia.

*"Nimesikia,"* aliandika mwishowe, akautuma. Alama mbili zikageuka bluu, na hakuna jibu lililokuja. Henrike aliketi jikoni, viazi vikigeuka rangi ndani ya bakuli, akausikiliza tena kutoka mwanzo.